Mwambie Yule Mama

Siku ya kwanza mwalimu alipoingia karakana, wanafunzi wote walisimama isipokuwa mmoja, aliyejichomeka nyuma ya pipa la dizeli. Huyo alikuwa Agutu, mke wa Ojuok, mama wa watoto watano, umri wake arobaini na ushei. Alikuwa amefika jana yake kutoka kijiji cha Nyabulogo, kwa lori, amekaa juu ya magunia ya pamba na sanduku la bati mapajani. Msidhani ni mwoga. Mwanamke aliyezoea kulala mpungani akifukuza viboko kwa kupiga debe hatishwi na mwalimu. Ila mwalimu mwenyewe, kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu na penseli sikioni, alikuwa Opiyo, mume wa binti yake Akelo.

Opiyo naye alikuwa amemwona. Alisimama kizingitini, akakohoa, akageuka, akarudi alikotoka na chaki yake mkononi. Wanafunzi, watu wazima watupu waliotumwa na vijiji vyao kujifunza mitambo kwa miezi mitatu, wakabaki wanatazamana.

"Mwalimu kasahau nini?" akauliza mwanamume mmoja aitwaye Kashindye.

"Sijui yeye," akajibu Kija, mjane mnene wa pande za Bujora, "lakini kuna mwenzetu huku nyuma ya pipa naye kapoteza kitu, maana ameinama tangu mwalimu aingie."

Wakacheka. Agutu hakucheka. Kwa Wajaluo, mama mkwe na mkwewe huheshimiana kwa kukwepana. Hawapeani mikono, hawakai mkeka mmoja, hawali wakitazamana, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Wala si chuki, ni heshima yenyewe, ile ya juu kabisa. Anayeivunja huita chira, na ubaya wa laana hiyo ni kwamba haimrudii aliyekosa. Huenda kumtafuta asiye na hatia, mtoto hasa, na mtoto aliye tumboni zaidi. Akelo alikuwa na mimba. Ya kwanza iliharibika, na hii ya pili ukoo mzima ulikuwa ukiiombea kimoyomoyo.

Opiyo alikuwa fundi wa kinu cha pamba ng'ambo ya ghuba, na wizara ilimhamishia chuoni mwezi uleule. Ukweni habari hutembea polepole, kwa kuwa hakuna anayethubutu kuuliza moja kwa moja mkwe yuko wapi na anafanya nini. Ndivyo ilivyotokea mama mkwe akaja kusoma kwa mkwewe bila yeyote kujua. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawakusema mama mwenyewe afunzwe na nani.

*

Mkuu wa chuo, Bwana Mutayoba, alikuwa Mhaya mpole mwenye miwani mizito. Alimsikiliza Agutu mpaka mwisho bila kucheka, jambo ambalo Agutu alilikumbuka kwa shukrani maisha yake yote.

"Kwetu Bukoba nako mkwe ni mkwe," alisema. "Jambo hili ni jepesi, mama. Nitakuhamishia ushonaji. Mwalimu Justa ni mwanamke mwenzako, darasa lina kivuli, na cherehani haina laana."

"Asante, Mwalimu Mkuu. Lakini nikirudi Nyabulogo na cherehani, watu watasaga kwa nini?"

Ndipo akamweleza. Nyabulogo walikuwa na mashine ya kusaga, waliyopewa wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Kijana wa kwanza aliyesomeshwa kuiendesha alipata cheti asubuhi, jioni akaonekana akiulizia kazi kwenye kiwanda cha nguo mjini. Wa pili alifanya hivyohivyo, na akaondoka na spana za kijiji. Tangu hapo kuku wa mtendaji wanataga kwenye mdomo wa mashine. Mwenyekiti, Mzee Maige, alisimama mkutanoni akasema safari hii watume mtu asiyeweza kutoroka. Watu wakatazama huku na huku, macho yakamwangukia Agutu: ana mume, ana watoto, ana mihogo shambani, na kusoma na kuandika amekujua kwenye kisomo cha watu wazima. Haikuwa sifa hasa, lakini yeye aliipokea kama sifa.

"Wilaya imesema mashine isiposaga mpaka mavuno, itapelekwa kijiji kingine," alisema. "Sasa hivi tunasaga Kisesa. Kwa miguu, debe kichwani, mtoto mgongoni. Mwaka jana nilimzalisha jirani yangu kando ya barabara, Mwalimu. Nilimfunga mtoto kwa gunia la unga, maana khanga zilikuwa zimeishia kwa mama yake. Nilipofika nyumbani niliulizwa kwa nini ugali umechelewa."

Mutayoba alivua miwani akaifuta. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huyu bwana alionekana kuuhisi uzito wake kidogo.

"Basi tufanyeje? Fundi wa mitambo ninaye mmoja tu."

"Yeye afundishe. Mimi nitasikia," akasema Agutu. "Macho yana ukwe, na mikono ina ukwe. Masikio sijasikia yakikatazwa."

*

Wakapanga hivi. Agutu alikaa dirishani, uso nje. Opiyo alifundisha akiutazama ubao. Na kwa kuwa neno la mkwe halifai kumpiga mama mkwe usoni, lilipitia kwa Kija, ambaye Wasukuma wenzake nao wana miiko yao ya wakwe, hivyo hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Kija, mwambie yule mama ashike spana ya kumi na nne."

"Yule mama, shika ya kumi na nne."

"Mwambie mwalimu nimeshaishika."

"Mwalimu, kaishika. Na mimi nani atanifundisha, maana kutwa nabeba maneno ya watu?"

Spana haikutoka mkononi kwenda mkononi. Opiyo aliiweka juu ya benchi, akasogea hatua kadhaa, ndipo Agutu akaja kuichukua. Ilichukua muda mrefu, na wanaume wengine walianza kuona wanapunjwa. Kashindye alikuwa na ulimi. "Mama," alimwambia siku moja wakila maharage, "mashine ikikuharibikia kijijini, utaipa mgongo hivyohivyo?" Meza nzima ilicheka. Agutu alimalizia maharage yake taratibu, akaosha sahani, akarudi karakana kabla ya kengele.

Somo la hendeli ndilo lililowatoa jasho wote. Mashine ya dizeli huwashwa kwa kuzungushwa kwa mkono, na ikikataa hurudisha hendeli nyuma kwa nguvu. Aliyeizungushia dole gumba huondoka na dole lililovunjika. Kwa hiyo Opiyo alimshika kila mwanafunzi mkono, akamlaza dole gumba upande mmoja na vidole vingine, ndipo akamruhusu kuzungusha. Zamu ya Agutu ilipofika, wenzake walisogea karibu. Watu walitaka kuona.

Opiyo alichukua chaki akachora mstari kwenye hendeli. Akaenda mpaka mlangoni, akasimama akitazama nje.

"Kija, mwambie yule mama dole gumba lisivuke chaki."

Agutu akashika, akazungusha. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Akazungusha tena, ikanyamaza tena. Mara ya tatu haikukohoa hata kidogo, na Kashindye akaguna kwa sauti ya kusikika.

"Mwambie asitumie mkono peke yake," alisema Opiyo, akiwa amesahau yote isipokuwa mashine. "Mwambie azungushe kwa kiuno."

Kija hakufungua mdomo. Neno lile lilibaki limesimama katikati ya karakana, na hakuna aliyejua pa kuliweka. Opiyo mwenyewe alilisikia likimrudia. Masikio yake, ambayo ndiyo pekee yaliyoonekana kwa nyuma, yalibadilika rangi. Hata Kashindye alitazama chini. Kumtajia mama mkwe kiuno chake ni jambo ambalo watu wamelipa mbuzi kwa dogo kuliko hilo.

"Mwalimu," alisema Kija hatimaye, kwa upole kabisa, "hilo silifikishi."

"Mwambie nguvu zitoke miguuni."

"Yule mama, nguvu zitoke miguuni."

Agutu, aliyesikia yote mawili kama kila mtu, alipanga miguu yake kama mtu anayetwanga, akazungusha. Mashine ikashika. Moshi ulipanda, sakafu ikatetemeka, na mama wa watoto watano alisimama ameshika kitambaa cha grisi, meno yote nje, akiwa amesahau kujificha.

Kesho yake Opiyo aliwaamuru wanafunzi wote waipe mashine mgongo. Aliiwasha, akalegeza kitu bila wao kuona, akauliza, "Nini kimebadilika?" Wakasikiliza kwa zamu. Wanaume waliozoea kutazama mikono ya mwalimu walikuwa kama vipofu waliosukumwa njiani, na Kashindye alitaja kila kifaa alichokijua jina, kimoja baada ya kingine, bila kupata. Agutu, aliyekuwa akijifunza hivyo tangu siku ya kwanza, alisema, "Mwambie mwalimu mkanda unapiga makofi." Ilikuwa kweli. Ikawa ndiyo desturi ya darasa: kila siku kipindi kizima mgongo kwa mashine. Mwalimu hakumweleza mtu sababu. Lakini Agutu aliijua, na moyo wake ulijaa, maana mkwewe alikuwa ameichukua aibu yake akaifanya somo la wote.

*

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtu mmoja wa Nyabulogo alipita chuoni kumsalimu ndugu yake, akachungulia karakana, akamwona Agutu upande mmoja wa mashine na Opiyo upande mwingine. Alipofika kijijini, hadithi yake ilikuwa kwamba mama mkwe na mkwewe wameshika chuma kimoja. Ilipofika kilabu cha pombe, walikuwa wameshikana mikono.

"Ojuok," waliuliza wenzake, "siku hizi kwako mwenye mkwe ni nani, wewe au mkeo?"

Ojuok alikuwa mtu wa maneno machache, mvuvi wa sato na furu, na tangu mkewe aondoke amekuwa mpishi wa ugali wenye madonge. Mara ya kwanza alicheka nao. Mara ya pili alilipia pombe yake akaiacha mezani. Mara ya tatu hakwenda.

Kisha ikaja habari kutoka kwa Opiyo, iliyotumwa kwa baba mkwe kwanza kama adabu ya ukwe inavyotaka, kwamba Akelo amelazwa hospitalini mjini. Miguu imevimba, uso umevimba, kichwa kinamuuma hata haoni vizuri. Kaka mkubwa wa Ojuok, Mzee Odira, alifika na fimbo yake, akagoma kuketi.

"Nilisema nini? Chira haina mguu mrefu, lakini inafika," alisema. "Nenda kamtoe mkeo kwenye vyuma vya mkwewe, kabla hatujazika mtoto na mama yake."

Ojuok alipanda baiskeli bila hata kubadili shati.

Agutu alimkuta mumewe getini pa chuo, ameegemea baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alitoka jinsi alivyo, mikono yote miwili myeusi ya grisi. Ojuok aliitazama mikono ile kabla ya kumtazama usoni.

"Habari za huku, Mama Akelo."

"Nzuri. Watoto?"

"Wanakula. Napika mimi, kwa hiyo wanakula kwa imani."

Agutu alitabasamu, kisha akaona kwamba yeye hatabasamu.

"Akelo amelazwa," alisema Ojuok. Akaeleza yote: miguu, uso, macho. "Kaka anasema ni chira. Amenituma nikuchukue."

"Na wewe unasemaje?"

Ojuok alichezea kengele ya baiskeli bila kuipiga. "Mimi nasema naogopa."

Naye Agutu aliogopa. Hebu tuseme ukweli: yale yote aliyomwambia Mutayoba kuhusu masikio na ukwe, wakati huo yalimtoka kama maji kwenye tenga. Alijiona amesimama mbele ya mashine akicheka meno nje, siku ileile ambayo pengine binti yake alianza kuvimba. Alirudi karakana, akasugua mikono kwa mchanga na mafuta ya taa mpaka ikamchoma, akamkabidhi Kija spana yake.

"Nimwambie nini mwalimu?" aliuliza Kija.

"Mwambie nimekwenda kumwona mtoto wangu."

Kija alimtazama akitoka na sanduku la bati. Mtu anayekwenda kuona mgonjwa huenda na uji, haendi na sanduku. Lakini hilo nalo Kija hakulifikisha.

*

Wodini Opiyo alikuwa amekaa kando ya kitanda. Alipomwona mama mkwe mlangoni aliinuka, akatokea mlango wa nyuma, akaacha bakuli la uji juu ya kiti. Muuguzi aliyekuwa akipita na sinia ya dawa alisimama.

"Ninyi hapa mnacheza kombolela?" aliuliza. "Huyo baba kuwaona tu anaruka."

Agutu aliliondoa bakuli, lakini hakukalia kiti alichotoka mkwewe. Alichuchumaa sakafuni, akamshika binti yake mkono. Vidole vilikuwa vimejaa, pete haionekani vizuri. Ojuok alisimama miguuni mwa kitanda, kofia mkononi.

"Mama," alisema Akelo, "sanduku la nini?"

"Nimeacha chuo."

"Nani kakwambia uache?"

"Usichoke kwa maneno. Baba yako mkubwa anasema..."

"Najua anachosema. Hospitali nzima inajua anachosema, alimtuma mtu aje kuniuliza kama nimeota ndoto." Akelo alivuta pumzi. "Miguu yangu ilianza kuvimba kule kinuni, Mama. Opiyo hajahamishwa, wewe hujapanda lori lako la pamba. Nilikuwa navaa ndala za jirani. Daktari anasema ni presha ya mimba, na hata ile ya kwanza ilikuwa hiyohiyo."

"Wazee hawajui presha."

"Hawajui. Lakini wewe sasa unajua." Alijaribu kuinuka, akashindwa, akasema akiwa amelala vilevile. "Sikiliza, Mama. Ukirudi nyumbani na hilo sanduku, umekiri. Mtoto akifa, watasema chira imemuua. Akipona, watasema amepona kwa sababu uliacha. Yote mawili, mume wangu ataitwa aliyemtilia mwanawe laana, mpaka azeeke. Na mimi ndiye nitakayelala naye nyumba moja na jina hilo."

Agutu alilitazama sanduku.

"Nimebeba mzigo mmoja," alisema Akelo. "Usinitwishe na wa pili."

Nje ya dirisha, Opiyo alikuwa ameuegemea ukuta, mgongo kwao. Walikiona kisogo chake, hakigeuki. Agutu alikitazama kisogo kile, ambacho amekifahamu kuliko uso, na akaona kwamba kijana huyu aliyemchorea chaki ili asimguse, aliyewageuza watu wazima wote ili yeye asionekane wa ajabu, ndiye ambaye yeye Agutu angemlipa kwa kumwachia jina baya. Akaona haya kuliko zile za nyuma ya pipa.

Ni Ojuok aliyesogea kwanza. Alivaa kofia, akaliinua sanduku, akatoka nalo. Agutu alimfuata mpaka kwenye baiskeli, akamwona analifunga kwa mpira, kisha anaigeuza baiskeli kuelekea mlimani, upande wa chuo.

"Nyumbani ni kule," alisema Agutu.

"Najua nyumbani ni wapi."

Wakaisukuma kati ya mawe mpaka jua likawa chini. Karibu na geti Ojuok akasema, "Kaka ataniuliza."

"Mwambie mkeo alikataa kurudi. Atakuamini, ananijua."

Ojuok alifikiri. "Hapana. Nitamwambia mimi ndiye niliyekataa."

Watu hupenda kumsifu mwanamume anayepiga meza. Mimi nitamsifu huyu, aliyerudi Nyabulogo na baiskeli tupu, akasimama mbele ya kaka aliyemlea, akasema jambo ambalo hajawahi kumwambia maishani. Mzee Odira aliapa kutokula tena katika nyumba ile. Kwa kuwa mpishi alikuwa Ojuok mwenyewe, haikuwa hasara kubwa, lakini iliuma, na Ojuok aliibeba aibu hiyo sokoni na ufukweni bila kumwambia mkewe hata neno.

*

Agutu alirudi dirishani pake. Alifungua nozeli akaifunga, alibadili oili, alitoa hewa kwenye bomba la dizeli mpaka akaweza kuifanya kazi hiyo gizani, na kila mlango ulipolia aliganda, akidhani ni mjumbe wa msiba. Usidhani hofu ilimtoka kwa sababu alikuwa ameamua. Alifanya kazi pamoja nayo, ndivyo watu wengi jasiri wanavyofanya.

Asubuhi moja mjumbe alikuwa mwalimu mwenyewe. Opiyo aliingia amechelewa, macho mekundu, shati limefungwa vifungo kombo. Alikwenda moja kwa moja mpaka ubaoni, akausimamia karibu pua iguse.

"Kija," alisema.

"Naam, Mwalimu."

"Mwambie yule mama..." Akashika chaki, akaiweka. "Mwambie wamempasua usiku. Ni wa kiume. Ni mdogo sana. Mwambie wote wawili wazima."

Kija hakufikisha neno. Alikuwa amefunika uso kwa khanga, analia kwa sauti. Wala hakukuwa na haja, maana kule dirishani Agutu alikuwa ameshateremka chini ya kiti chake, amepiga magoti sakafuni penye oili, mikono kichwani. Kashindye, yule mwenye ulimi, ndiye aliyemwinua na kumtafutia maji.

*

Siku ya kuwasha mashine Nyabulogo, watu walikuja tangu umande haujakauka. Kuku wa mtendaji walifukuzwa, wakaondoka wakilalamika. Mzee Maige alivaa shati lake la mikutano, akatoa hotuba fupi kuliko kawaida yake, kwa kuwa wanawake walikuwa na madebe kichwani na hawakuwa na subira. Wanaume walikaa upande mmoja. Mzee Odira alikuwa kati yao, kidevu juu ya fimbo. Alikuwa amekuja kuona, alisema, siyo kusaga.

Akelo alikuwa amekuja kumwonyesha mtoto kwa babu na bibi, na Opiyo alimsindikiza. Lakini pale mama mkwe alipo yeye hawezi kuingia, hivyo alibaki nje ya ua wa minyaa, na baiskeli yake, akitazama ziwa.

Agutu alitoa hewa bombani, akafuta mikono. Kisha akachukua chaki, akachora mstari kwenye hendeli, akashika.

Akazungusha. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Akazungusha tena. Kimya. Upande wa wanaume pakaanza mnong'ono, na mmoja akasema si angejifunza kushona tu. Ojuok alitazama ndala zake. Nje ya ua Opiyo alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja upande wa mashine, ngumi zimefumbwa, wala hakugeuka.

Agutu akapanga miguu. Akazungusha kwa kile ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukitaja, na mashine ikashika.

Vigelegele viliruka mpaka ng'ombe wakageuza shingo. Mwanamke wa kwanza alimwaga mahindi yake, na unga ulipoanza kutoka, yule jirani aliyezalia kando ya barabara aliuchota akaunusa, akakaa chini akaulilia. Wa tatu katika foleni alikuwa mke wa Mzee Odira, aliyejipanga bila kuomba ruhusa. Mzee alimwona, akasogeza fimbo yake kutoka mkono huu kwenda ule, akasema kwa wote waliotaka kusikia kwamba hata hivyo chira ile ilikuwa ndogo.

Nje ya ua, Opiyo alikuwa bado anasikiliza. Akamwita baba mkwe wake, na Ojuok akaenda.

"Baba," alisema Opiyo kwa adabu, macho chini, "samahani kukutuma. Mwambie fundi mkanda umelegea kidogo."

Ojuok alisimama kidogo, kama mtu aliyepewa kitu asichojua kukishika. Akavuka uwanja. Pale mlangoni moshi na unga vilimpiga usoni, na mkewe alikuwa amempa mgongo, mkono mmoja juu ya mashine kama mtu anayepima homa ya mtoto. Tangu amzalie binti yao, Ojuok hakumwita jina jingine ila Mama Akelo.

"Fundi," alisema.

Agutu hakugeuka, akidhani anaitwa mtu mwingine.

"Fundi," alirudia Ojuok, kwa sauti kubwa zaidi, maana mashine ilikuwa inapiga kelele, na upande wa wanaume wote wakasikia. "Unaambiwa na mwalimu mkanda umelegea."

"Mwambie mwalimu nimeusikia kabla yake," alisema Agutu. "Namaliza debe la huyu mama, nizime niukaze."

Ojuok akavuka tena uwanja, mbele ya wenzake wa kilabu na mbele ya kaka yake, kupeleka jibu.